Sarufi maana yake nini, na kwa nini kusoma habari fupi ni sarufi

Mzazi mmoja alinisimamisha mlangoni juzi. "Mwalimu, samahani. Naona daftari la kijana wangu limejaa habari tu, leo volkano, kesho kanga. Sarufi ya Kiingereza mtaanza lini?" Nikamjibu kwamba tuko ndani ya sarufi tangu Januari. Alitabasamu kwa adabu, lakini niliona hajaniamini. Simlaumu. Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na wazazi, na wanafunzi, hata na walimu wenzangu: sarufi ni siku ya majedwali na kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na siku tukisoma, basi siku hiyo "hatukufanya sarufi, tumesoma tu."

Sarufi ni utaratibu unaofanya maneno ya lugha yashikane yakatoa maana: namna neno linavyobadilika umbo, na namna maneno yanavyopangana katika sentensi. Maana yake ni hiyo tu. Jedwali la "go, went, gone" ni kumbukumbu ya kipande kidogo cha utaratibu huo. Aliyekariri ratiba yote ya mabasi ya Moshi bado yuko stendi.

Lakini neno lenyewe lina ukoo, na ukoo huo ungetusaidia kama tungeukumbuka. Sarufi imetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kugeuza, kupeleka upande mwingine, kubadilisha. Wasomi wa Kiarabu walikuwa na elimu mbili zilizokwenda sambamba. Moja ilihusu mageuzi ya neno lenyewe, jinsi mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b, unavyozaa maneno yenye maana ya "aliandika", "anaandika", "mwandishi", "kitabu". Hiyo ndiyo iliyotupa sarufi. Ya pili ilihusu mpangilio wa maneno katika sentensi, na jina lake ndilo lililokuja kwetu likawa nahau. Kamusi za Kiswahili za zamani huiweka nahau karibu kabisa na sarufi. Leo tukisema nahau tunawaza "kupiga chuku" na "kuvunja ungo". Neno moja likapanuka likabeba elimu zote mbili, jirani yake likahamia kwingine.

Ndugu wa sarufi tunao kila siku mfukoni na ofisini. Sarafu ni wa mzizi huohuo, kwa sababu fedha ni kitu cha kubadilishwa. Masurufu, zile fedha anazopewa mtumishi kwa ajili ya safari ya kikazi na kutakiwa azirejeshe kwa stakabadhi, nayo ni ya mzizi huo: fedha iliyotengwa itumike. Kisha tuna kitenzi chenyewe, kusarifu, ambacho siku hizi nakisikia kwa nadra, nacho ni kuyatumia maneno kwa ustadi, kuyageuza yakakaa panapostahili. Ukiyapanga maneno haya pamoja, sarafu, masurufu, kusarifu, sarufi, utaona yote yanahusu kitu kinachopita mkononi na kutumika. Waingereza wao neno lao lilianzia kwenye Kigiriki, kwa herufi, yaani kitu kilichoandikwa. La kwao linatazama ukurasa. La kwetu linatazama kugeuka na kutumika, na mimi naona la kwetu liko karibu zaidi na ukweli.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo hasa linalonikera, nalo ni kuchanganya sarufi na ufahamu. Wanaosema "wamesoma tu" wanadhani kwamba habari fupi ina kazi moja, kupima kama mtoto ameelewa. Hiyo ni kazi halali, na huitwa ufahamu. Lakini habari hiyohiyo, ya maneno mia moja na hamsini, inaweza kuulizwa maswali ya aina mbili, na aina ya pili ndiyo sarufi.

Nitoe habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Kwa nini ya moto yatangulie kuganda? Swali hilo hakuliacha. Akiwa shuleni Iringa alimuuliza Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam na alikuja kuzungumza na wanafunzi, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kuhusu jambo hilo.

Swali la ufahamu ni hili: Mpemba aliona nini? Swali la sarufi ni hili: kwa nini sentensi moja ya habari inasema "Mpemba's mixture froze first", na nyingine inasema "Hot water sometimes freezes faster than cold water"?

Hapo ndipo mwanafunzi anapokaa kimya kidogo, na ukimya huo naupenda. "Froze" inasimulia siku moja, jokofu moja, Lushoto. "Freezes" inadai jambo kuhusu maji ya dunia nzima, jana, leo na kesho. Mpemba akisema yake yaliganda kwanza, anatoa ushahidi wa alichokiona. Ukisema maji ya moto huganda kwanza, umetangaza kanuni, na hiyo ndiyo wanafizikia wanayobishania hadi leo, maana wengine wamerudia majaribio wasiipate. Kisha kuna lile neno dogo "sometimes". Lifute, dai linakuwa kubwa mara kumi. Ubishi wote wa kisayansi umekaa juu ya umbo la kitenzi na kielezi kimoja. Jedwali lina "freeze, froze, frozen" katika mstari mmoja, lakini halikuonyeshi hata siku moja kwamba kati ya la kwanza na la pili kuna tofauti ya kanuni na ushahidi.

Na Kiswahili kinasaidia, kama tutakiruhusu. "Huganda" na "yaliganda" zinafanya kazi ileile. Mtoto anayeandika "Hot water is freezing faster" hakukosa akili. Katika mazungumzo yetu "-na-" inabeba mawili: "maji yanaganda" inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa kawaida yake. Kiingereza kinayatenganisha, na Kiswahili nacho kinayo "hu-" ya kutenganishia. Mwambie ajiulize: hapa ningesema "huganda"? Basi hapo "-ing" haina nafasi. Ni hivyohivyo kwa "mgeni amefika jana", inayopita bila shida mtaani kwetu, ikihamishwa Kiingereza kama ilivyo inazaa "has arrived yesterday", na hiyo haikubaliki.

Habari za utamaduni zinafundisha mengine. Ile ya kanga inaanza "A kanga has a border" na mara ifuatayo inasema "The border is called pindo." Kwa nini "a" kisha "the"? Wanafunzi wanasema Kiswahili hakina vitu hivyo. Nawaomba wakumbuke hadithi za bibi: "Hapo kale palikuwa na mtu mmoja." Sentensi ya pili bibi hasemi tena mtu mmoja, anasema "yule mtu". Mgeni katika hadithi huingia kwa "mmoja", akishajulikana anaitwa "yule". Baada ya hapo kanga na pindo lake hazihitaji maelezo marefu.

Mazoezi ya kujaza nafasi sijayafuta. Nayatumia baada ya kusoma, mwanafunzi akishajua nafasi hiyo inataka kubeba nini.

Kwa hiyo mzazi wangu, siku nyingine ukimuuliza kijana wamefanya nini naye akajibu "tumesoma habari ya aiskrimu", usidhani kwamba hawakufanya sarufi. Mwombe akuonyeshe mstari wenye "froze" na mstari wenye "freezes", kisha akueleze kwa Kiswahili kwa nini vitenzi hivyo havikuandikwa sawa.