"Oili ni oili tu": jamani mnaua pampu

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu sasa. Mteja ana mashine ya injekisheni ya kutengeneza mabeseni, kanipigia asubuhi asubuhi, "fundi, pampu inalia kama ina kokoto ndani." Namuuliza umeweka oili gani? "Si oili tu, ile ya gari, namba 40, kwani zote si zinalainisha?"

Hapo ndo mnaponichosha. Kulainisha ni kibarua cha pembeni, kazi kubwa ya oili ya haidroliki ni kubeba nguvu, yani pampu inaisukuma oili, oili inaenda kusukuma silinda, silinda ndo inabana moldi. Humohumo inabeba joto na inabeba uchafu kuupeleka kwenye filta. Ile 46 unayoiona kwenye pipa la oili ya haidroliki si cheo cha ubora, ni uzito wake wa kutiririka, sentistoki 46 (ndo kipimo chake) oili ikiwa na joto nyuzi 40. Hiyo 40 ya gari ni kipimo kingine kabisa, ukiileta kwenye kipimo cha huku inafika 130 hata 150, kwa hiyo umeweka kitu kizito karibu mara tatu afu unataka pampu ikinyonye asubuhi kikiwa cha baridi. Haivuti vizuri, vinatokea vipovu kwenye mdomo wa kunyonyea, vikifika upande wa presha vinapasukia kwenye chuma na kukichimba. Hizo ndo kokoto zako.

Na bado. Oili ya injini imewekwa sabuni, kazi yake kushikilia masizi na maji yasitulie mpaka siku ya kumwaga. Kwenye tenki la haidroliki mimi nataka maji yatulie chini nifungue koki niyatoe! Huyu bwana bomba la maji la kupozea oili lilikuwa limetoboka, angekuwa na 46 yake tungeyakuta maji chini, sasa nafungua tenki nakuta chai ya maziwa, kutu imeshakula beringi. Kanunua pampu mpya, na lile pipa la 46 aliloliona ghali kalinunua vilevile.

(Najua kuna atakayesema katapila lake linatumia oili ya injini kwenye haidroliki. Sawa, kama kitabu chake kinaruhusu, na mara nyingi ni 10W, nyepesi. Wewe soma kitabu cha mashine yako.)

Mengine haraka haraka. "Mashine haina nguvu, kaza rilifu valvu," yani ile valvu inayoweka mwisho wa presha. Pampu inasukuma oili tu, presha inakuja oili ikikutana na kizuizi, sasa kama sili ya silinda imekatika na oili inapita ndani kwa ndani, utakaza mpaka jioni, na siku ukibadilisha sili, kama umesahau kuirudisha hiyo valvu ilipokuwa, hozi ndo itakayolipa.

"Oili mpya ni safi." Si safi kiasi hicho. Jicho linakomea kwenye maikroni 40 hivi (maikroni ni milimita ukiigawa mara elfu) na valvu ya servo, ile inayopima oili kwa umakini, ina nafasi ya maikroni chache tu, ipitishe kwenye filta ya 10 kabla haijaingia tenkini, mimi hata pipa likiwa na lakiri siliamini.

Wa mashine za kukereza, "maji matupu yanapoza vizuri tu." Yanapoza ndio, afu kesho meza ya mashine ina kutu. Changanya na oili yake, na uanze na maji ndo umimine oili, ukigeuza inaganda mabonge. Ikinuka Jumatatu ni bakteria, ondoa oili inayoelea juu.

Na nyie mnaotafuta hozi inapovuja kwa kupapasa na kiganja, acheni leo. Tundu dogo la presha linapiga oili mpaka ndani ya nyama, pita na kipande cha boksi. Ikikuingia ni hospitali muda huohuo, usisubiri kesho, hata kama unaona kitundu kama cha sindano na hakiumi.