Mfumo wa Nguzo katika Usanifu wa Wagiriki wa Kale

Mfumo wa nguzo ni kanuni inayoamua umbo na uwiano wa sehemu zote zinazobeba na kubebwa katika jengo: nguzo pamoja na kitako na kichwa chake, boriti ya mawe inayolala juu yake, ukanda ulio juu ya boriti, na ukingo unaokaribia paa. Wagiriki wa kale walikuwa na mifumo mitatu, nayo ni wa Kidoria, wa Kiionia na wa Kikorintho. Maelezo hayo yangetosha, lau isingeenea desturi ya kuyatumia majina hayo kwa vichwa vya nguzo peke yake, hata nguzo ya saruji ya kupamba baraza ikaitwa ya Kidoria kwa sababu tu kichwa chake hakina nakshi.

Ubaya wa desturi hiyo unaonekana wazi zaidi kwenye pembe ya hekalu la Kidoria. Katika mfumo huu nguzo husimama moja kwa moja sakafuni bila kitako, na ukanda wa juu hugawanywa kwa trigilifu, yaani mabamba yenye mifuo ya wima, yanayopishana na metopi, ambazo ni nafasi za karibu mraba zinazoweza kuchongwa sanamu. Kanuni inataka trigilifu moja ikae juu ya katikati ya kila nguzo na nyingine juu ya kila uwazi, na papo hapo inataka ukanda uishie pembeni kwa trigilifu. Kwa kuwa boriti ni nene kuliko upana wa trigilifu, masharti hayo mawili hayawezi kutimizwa pamoja kwenye pembe. Wajenzi wa Parthenon, hekalu lililojengwa Athens kuanzia mwaka 447 KK, waliisogeza nguzo ya pembeni kuelekea mwenzake kwa zaidi ya nusu mita. Jambo dogo lililo juu karibu na paa liliamua mahali pa kusimamisha nguzo chini, na huo ndio mfumo.

Mfumo wa Kiionia hauna shida hiyo, kwa kuwa ukanda wake haukatwi na trigilifu. Shida yake iko kwenye kichwa cha nguzo, ambacho vizingo vyake viwili, yaani mapambo yaliyojiviringa kama gamba la konokono, hutazama mbele na nyuma tu. Kwenye pembe, kizingo cha nje hulazimika kupindwa mshazari ili jengo lionekane sawa kutoka pande zote mbili. Kichwa cha Kikorintho, chenye nakshi ya majani ya mmea uitwao akantho, kinafanana pande zote nne. Kwa haki, mfumo huu ndio ulioleta mkanganyiko, maana Wagiriki waliuazimia kitako na mengi ya juu kutoka kwa Kiionia, na tofauti iliyo dhahiri ikabaki kichwani.

Lipo pia kosa la pili, ambalo hata vitabu vya shule hulikaribisha kwa kuipanga michoro mitatu kwa safu: kudhani kwamba mifumo hii ni zama tatu zilizofuatana. Hekalu la Apollo huko Bassae, katika Peloponnese, la mwishoni mwa karne ya 5 KK, lina nguzo za Kidoria nje, za Kiionia ndani, na ndani humo humo ilisimama nguzo yenye kichwa cha Kikorintho cha kale kuliko vyote vinavyojulikana. Parthenon nayo, ingawa ni ya Kidoria, imezungushiwa ukuta wake wa ndani ukanda wa Kiionia wa sanamu wenye urefu wa mita 160 hivi. Wasanifu hao walichagua mfumo kwa kila sehemu ya jengo wakijua wanachokifanya.

Kwa hiyo anayeona vizingo viwili juu ya nguzo anaweza kusema bila wasiwasi kwamba hicho ni kichwa cha Kiionia. Kabla ya kuliita jengo zima la Kiionia, ni vyema atazame pia kitako cha nguzo, kisha ainue macho hadi kwenye ukanda.