Kabla ya kuuliza "ni sheria ya wapi", niambie hoja ni ipi

Wiki iliyopita mama mmoja, mfanyabiashara wa mchele wa Ubaruku, alipanda ngazi za ofisi yangu hapa Mwanjelwa kwa mkongojo, akaketi, akaweka bahasha ya kaki mezani. Sijamaliza hata kumwamkia, akaniuliza: "Mwanangu wakili, niambie kitu kimoja tu. Hii kesi ni ya sheria ya Zambia au ya kwetu?" Alikuwa ameshawauliza watu wengine, wawili kati yao mawakili wasomi wenzangu. Mmoja kamwambia ajali imetokea Zambia, basi kila kitu ni Zambia. Wa pili kamwambia abiria Mtanzania, dereva Mtanzania, lori lina namba za Tanzania, basi kila kitu ni Tanzania. Wote wamekosea kosa lile lile, na nimechoka kukutana nalo kila mara mteja anapotoka mpakani, Tunduma au Kasumulu.

Hakuna sheria ya kesi nzima. Swali la "sheria ya wapi" huulizwa kwa kila hoja, moja baada ya nyingine, na majibu yanaweza kutofautiana ndani ya jalada moja.

Tufungue bahasha. Kuna ripoti ya polisi wa Zambia: lori lilipinduka kwenye kona kati ya Nakonde na Mpika, dereva akijaribu kulipita lingine. Kuna ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: magunia 200, nauli kwa shilingi, "mzigo ufike salama", sahihi mbili, Mbeya. Kuna karatasi za hospitali.

Kama dereva aliendesha kizembe, kipimo ni kanuni za barabara ya kule. Dereva hatembei na sheria za usalama barabarani za kwao mfukoni. Magunia yaliyomwagika ni suala la mkataba uliofungwa Mbeya, kati ya watu wa Mbeya, kwa shilingi: hapo ni Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, basi. Muda wa kufungua shauri tunauhesabu kwa sheria ya mahakama tunayoiendea, yaani Sheria yetu ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89: miaka mitatu kwa madhara (kosa la kumdhuru mtu, nje ya mkataba), sita kwa mkataba.

Penye utamu ni hoja ya nne: je, abiria aliyepanda na mzigo wake anaweza kumdai mwenye lori kwa mguu uliovunjika? Hoja ya namna hii ndiyo iliyofika Mahakama ya Rufani ya New York mwaka 1963, katika kesi ya Babcock dhidi ya Jackson. Watu wa New York walitoka kwa gari kwenda Ontario, Kanada, wakapata ajali huko. Sheria ya Ontario wakati ule ilimzuia abiria wa bure kumdai aliyempakia. Mahakama ikasema: gari ni la New York, safari imeanzia na ilikuwa iishie New York, abiria na mwenyeji wake ni wa New York, basi Ontario haina sababu ya kuamua kama hawa wawili wanadaiana. Lakini ikasema pia kwamba kama ubishi ungekuwa juu ya namna gari lilivyoendeshwa, sheria ya Ontario ndiyo ingetangulia. Ajali moja, hoja mbili, sheria mbili.

Wafaransa wanaita jambo hili dépeçage, neno la buchani: kumpasua mnyama vipande. Nalipenda neno hili kwa sababu linabeba onyo. Simama kwenye bucha lolote la Uyole uangalie anayejua kazi: kisu chake kinatafuta kiungo, kinapita, mguu unaachia. Asiyejua anapiga panga popote, na nyama inatoka na vipande vya mfupa.

Hapo ndipo linapoanza kosa la pili, ambalo linaniudhi kuliko la kwanza, kwa sababu wanalifanya watu waliosoma. Wakishajua kwamba hoja zinatenganishwa, wanachuma. Chukua nchi A: lazima mdai athibitishe uzembe, lakini akishinda fidia haina ukomo. Nchi B: mdai hahitaji kuthibitisha uzembe, ila fidia ina kiwango cha juu. Wakili anachukua wepesi wa B na ukarimu wa A, anadai fidia isiyo na ukomo bila kuthibitisha chochote. Hakuna bunge, la A wala la B, lililokubali jambo hilo. Ule ukomo ndio bei ya ule wepesi. Viwili hivyo ni mfupa mmoja, na anayevitenganisha anatunga sheria ya nchi isiyokuwepo.

Kwenye mikataba wahusika wanaweza kukata wenyewe. Ulaya waliliandika wazi katika Mkataba wa Roma wa 1980, kisha katika kanuni yao ya 2008: wahusika waweza kuchagua sheria ya mkataba wote au ya sehemu tu. Kwa hiyo mkulima wa parachichi Rungwe anayeuza nje chini ya sheria ya Uingereza asidhani shamba lake aliloliweka rehani nalo limehamia London. Ardhi ni ya sheria ya pale ilipo.

Sasa niseme kinachoninyima usingizi. Sheria yetu ya kupokea sheria za Kiingereza, Sura ya 358, inatupa sheria ile ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wakati huo madhara yaliyotendeka nchi ya nje yalifuata kesi ya Kiingereza ya Phillips dhidi ya Eyre ya 1870: kitendo lazima kiwe kosa kwa sheria ya nchi ya mahakama inayosikiliza, na kisiwe na uhalali kule kilikotendeka. Ukiishika kwa ukali, kila hoja inapita kwenye malango mawili, na nafasi ya kutenganisha karibu inakwisha. Waingereza waliilegeza mwaka 1969 katika Boys dhidi ya Chaplin, ajali ya Malta, na mwaka 1995 wakatunga sheria iliyoiondoa karibu yote. Sisi hatujatunga. Boys, kwa kuwa ilikuja baada ya 1920, kwetu inashawishi tu, haifungi. Naamini mahakama zetu zinapaswa kuifuata, nami nitaomba hivyo, lakini siwezi kumwahidi mteja.

Halafu kuna uthibitisho. Sheria ya nje mahakamani ni jambo la ushahidi. Miaka kadhaa nyuma nilidai kwamba hoja ya uzembe iamuliwe kwa sheria ya Malawi, nikaambatisha nakala ya sheria, sikuita shahidi mtaalamu. Hakimu akaichukulia kuwa sawa na yetu, na mteja akapoteza sehemu ya fidia yake kwa uvivu wangu. Mtaalamu ni gharama, ndiyo maana sharti ujue mapema ni hoja gani hasa inamhitaji. Kwa mama huyu ni moja tu, ya uendeshaji.

Nimemwomba alete daftari lote, ukurasa uliochanwa uoane na kingo zake. Nimemwandikia wakili wa Lusaka. Na nimetazama tena tarehe kwenye ripoti ya polisi: imebaki miezi minne ajali itimize miaka mitatu. Hoja niliyoipita haraka kule juu ndiyo ninayoanza nayo Jumatatu.