Ujumbe wa mfano wa SOAP: dhana potofu na ukweli

Mifumo mingi ya benki, bima na serikali bado inazungumza kwa SOAP, utaratibu wa programu kutumiana ujumbe wa XML (maandishi yenye tagi). Anayeunganisha programu yake na mifumo hiyo mara nyingi huanza na SoapUI, programu ya kujaribia huduma hizo: anaipa anwani ya WSDL (faili linaloeleza huduma), nayo inamtolea ujumbe wa mfano kwa kila operesheni. Matatizo mengi huanzia hapo hapo.

Dhana: Ujumbe wa mfano uko tayari, ni kujaza tu na kutuma.

Ule ni mifupa mitupu. SoapUI husoma skima (maelezo ya muundo wa ujumbe), hupanga elementi, kisha huweka alama ya kuuliza penye kila thamani:

```
<mal:lipa>
  <mal:akaunti>?</mal:akaunti>
  <mal:kiasi>?</mal:kiasi>
  <!--Optional:-->
  <mal:tarehe>?</mal:tarehe>
</mal:lipa>
```

Tuseme akaunti ni `xsd:string` (maandishi) na kiasi ni `xsd:decimal` (namba ya desimali). Alama ya kuuliza kwenye akaunti itapita bila neno, kwa kuwa ni maandishi halali. Kwenye kiasi itakataliwa. Tarehe ndiyo inayonasa wengi. Mtu anafuta alama, anabakiza `<mal:tarehe></mal:tarehe>`, akiamini ameiacha wazi. Kwa skima, elementi tupu ipo, na maandishi matupu si tarehe. Ondoa elementi nzima pamoja na tagi zake, au, kama skima imeandika `nillable="true"` (ruhusa ya kuwa bila thamani), weka `xsi:nil="true"`.

Lile neno Optional nalo linatokana na `minOccurs="0"` (elementi si lazima iwepo). Linaeleza skima, halielezi kanuni za biashara: huduma inaweza kudai tarehe hata hivyo. Usihamishe mistari ovyo pia, maana ndani ya `xsd:sequence` (mfuatano uliopangwa na skima) kutanguliza kiasi kabla ya akaunti ni kosa. Kabla ya kutuma, bofya kulia kwenye ombi uchague Validate, au bonyeza Alt+V.

Dhana: Ukipata 500 (msimbo wa HTTP wa kosa la seva), seva imeanguka.

SOAP 1.1 inaagiza Fault (ujumbe wa kosa) irudi na HTTP 500 hata kosa likiwa la mtumaji. Basi soma jibu lenyewe kabla ya kumpigia simu mtu wa seva. `faultcode` ikiishia na Client, rekebisha ujumbe wako. Ikiishia na Server, tatizo liko upande wao. Katika SOAP 1.2 majina ni Sender na Receiver, na kosa la Sender hurudi na 400.

Upande wa pili ni hatari zaidi: 200 (msimbo wa mafanikio) na rangi ya kijani kwenye SoapUI si ushahidi kwamba malipo yamepita. Kigezo cha SoapUI kiitwacho SOAP Response huangalia tu kama kilichorudi ni SOAP halali, na Fault nayo ni SOAP halali. Ongeza Not SOAP Fault, kisha XPath Match (XPath ni njia ya kutafuta elementi ndani ya XML) inayosoma hali ya muamala, kwani huduma nyingine huandika "imekataliwa" ndani ya jibu la kawaida kabisa. Kwenye XPath tangaza kwanza nemspesi (anwani inayotambulisha kundi la majina ya elementi). Bila hiyo `//hali` haitapata kitu ingawa unaiona kwa macho.

Dhana: SOAP 1.1 na 1.2 zinatofautiana kwa namba tu.

Bahasha (elementi ya nje kabisa, Envelope) ya 1.1 hutumia `http://schemas.xmlsoap.org/soap/envelope/`, Content-Type ya `text/xml`, na heda ya SOAPAction. Ya 1.2 hutumia `http://www.w3.org/2003/05/soap-envelope` na `application/soap+xml`, na action huingia ndani ya Content-Type hiyo hiyo. Ukichanganya, tarajia VersionMismatch (matoleo hayalingani) au 415 (aina ya maudhui haikubaliki).

Dhana: Kiambishi `mal:` lazima kibaki kama kilivyo.

Kiite `x:` ukitaka; kinachohesabika ni anwani ya nemspesi. Mtego uko kwingine. Skima isipokuwa na `elementFormDefault="qualified"`, elementi za ndani kwa kawaida hazina nemspesi: `<mal:lipa><akaunti>`. Ukisafisha uandike `<lipa xmlns="...">`, akaunti nayo inavutwa kwenye nemspesi na kuwa elementi nyingine. Huduma nyingine hazilalamiki hata kidogo, zinasoma akaunti kuwa null.

Dhana: Ujumbe uliopita jana utapita leo.

Si kama una WS-Security (ulinzi unaowekwa ndani ya ujumbe wenyewe). Timestamp ina Expires (muda wa mwisho), na seva inaweza kukataa Nonce (thamani ya kutumika mara moja) iliyokwisha kutumika. Menyu ya Add WS-Timestamp hubandika saa ya wakati ule ule ulipobofya. Weka mpangilio kwenye Outgoing WS-Security Configurations za mradi ili saa itengenezwe kila unapotuma.

Kwenye tarehe za kawaida andika ukanda wa saa: `2025-03-05T14:30:00+03:00`. Ukiacha `+03:00`, saa nane na nusu mchana ya Nairobi au Dar es Salaam inaweza kusomwa na seva ya UTC kuwa saa kumi na moja na nusu jioni.

Dhana: Ujumbe ni ule ule, ukiunakili kwenda curl (programu ya kutuma maombi kwa amri) hauna tofauti.

`curl -d @ombi.xml` huondoa alama za mistari mipya. Ujumbe wa kawaida hauumii, lakini uliotiwa saini huharibika, maana nafasi na mistari ndani ya Body huingia kwenye hesabu ya saini. Tumia `--data-binary @ombi.xml`. Kwa sababu hiyo hiyo, usiupange upya XML uonekane nadhifu baada ya kuutia saini.