Sifa ya kikosi kizima: yanayosemwa na ukweli wake

Kila Juni 9, Siku ya Mashujaa, watu huvishwa nishani mbele ya umati, na mazungumzo hufuata huku kwetu Uganda, hasa kwenye familia za wanajeshi. Mtu atakwambia babu yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na nishani ya Kalewa. Maneno haya husemwa kwa mapenzi, lakini yanamvua mzee sifa yake halisi.

Hakuna askari aliyepewa nishani ya Kalewa. Kalewa na Mawlaik ni majina ya mapigano ambayo rejimenti ya King's African Rifles ilitunukiwa iwe nayo daima. Batalioni ya 4, ile ya Uganda, ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua za monsuni zikinyesha na malaria ikiwaangusha watu, hadi Mto Chindwin. Mji wa Kalewa ulichukuliwa mwanzoni mwa Desemba. Heshima ya aina hiyo haina chuma wala pini. Ni ya batalioni yote, na mpishi na mbeba machela wamo. Alichovaa babu kifuani ni Nyota ya Burma, waliyopewa waliotumikia vita hiyo. Vyote viwili ni vyake, ila kimoja alikipata peke yake na kingine alikipata pamoja na wenzake, wakiwemo waliozikwa hukohuko.

Wengine hudhani kikosi hutunukiwa kwa sababu kimeshinda. Aprili 1951, huko Korea, batalioni ya Gloucestershire ya Uingereza ilizingirwa na Wachina kwenye kilima namba 235 karibu na Mto Imjin. Ilishikilia usiku baada ya usiku, ikaishiwa risasi, na wengi wa waliobaki hai wakachukuliwa mateka. Kilima kilipotea. Hata hivyo Marekani iliipa batalioni hiyo Presidential Unit Citation, tuzo yake ya juu kabisa kwa kikosi, kwa sababu kuchelewa kwa adui pale kuliwapa wengine nafasi ya kurudi nyuma na kujipanga. Kinachopimwa ni ushujaa wa kikosi wenyewe, na kipimo ni kikali: kwa jeshi la nchi kavu la Marekani, kikosi kizima lazima kiwe kimefanya jambo ambalo mtu mmoja angelifanya angestahili Distinguished Service Cross, nishani ya pili kwa ukubwa.

Je, kila anayepita kwenye kikosi kilichopewa tuzo hiyo ya Marekani anaivaa maisha yake yote? Hapana. Katika jeshi hilohilo, aliyekuwepo siku ya mapigano huivaa popote aendapo, upande wa kulia wa kifua. Aliyejiunga baadaye huivaa akiwa bado yumo kikosini, na akihamishwa anaivua. Naona ni utaratibu wa haki kabisa.

Halafu kuna medali za Somalia. Askari wetu waliingia Mogadishu Machi 2007, wa kwanza katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Afrika, na wengi wamerudi na medali ya ujumbe. Hiyo hutolewa kwa kutumikia muda uliowekwa. Si tuzo ya ushujaa, wala si ya kikosi. Kusema hivyo hakumpunguzii afande yeyote kitu. Waliokufa kule wanatosha kutuonyesha kazi ilivyokuwa.

Na wanaosema Waingereza hawakuwahi kuwaza ushujaa wa pamoja wasome hati ya mwaka 1856 ya Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa. Iliruhusu, pale kikosi kizima kilipokuwa shujaa kwa usawa, askari wapige kura wao wenyewe kuchagua nani avae nishani kwa niaba ya wote. Mara ya mwisho ilifanyika baada ya shambulio la Zeebrugge, 1918.

Mwenye karatasi za babu nyumbani atafute kwanza namba ya batalioni na miaka aliyotumikia. Bila hivyo viwili hawezi kujua ni mapigano gani yanamhusu.