Rangi haitoshi kumfanya mbawakawa kuwa spishi mpya

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya mbawakawa wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, amekaa juu ya jani kwenye msitu ulio juu ya Mweka, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Maneno ni yaleyale: "Dokta, rangi hii haimo kwenye kitabu chochote, hii ni spishi mpya." Picha za namna hii huletwa na waongozaji wa watalii, na wanafunzi, na hata na watu wenye shahada ya biolojia. Hao wa mwisho ndio wananichosha.

Kwa mbawakawa wanaoiga, yaani wanaofanana na mdudu mwingine ili ndege wawaogope, rangi ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Lycidae, familia ya mbawakawa laini wenye mabawa kama wavu, wana kemikali chungu mwilini, nyingine zenye harufu kali. Ndege akimwonja mmoja anajuta, na tangu hapo kila mdudu mwenye chungwa na nyeusi ya namna ile ananusurika, hata asipokuwa na uchungu wowote. Ndiyo maana rangi hiyohiyo utaikuta kwa Cerambycidae (familia ya mbawakawa wenye vipapasio virefu), kwa nondo na kwa kunguni wa mimea. Mwanaasili Mwingereza Henry Bates alilieleza jambo hili mwaka 1862 kwa vipepeo wa Amazon. Mwenzake Mjerumani, Fritz Müller, akaongeza mwaka 1878 kwamba hata wachungu wenyewe kwa wenyewe hufaidika kwa kufanana, maana gharama ya kumfundisha ndege wanaichangia. Ukikuta stendi ya Moshi vijana ishirini wamevaa vizibao vya bodaboda, husemi wamezaliwa tumbo moja.

Kinyume chake kinapotosha zaidi. Ndugu halisi wanaweza kuwa na rangi zisizofanana kabisa. Papilio dardanus, kipepeo wa misitu ya Afrika ambaye hata Tanzania yupo, dume wake ni wa manjano na ana mikia. Majike wake wengi hawana mikia, na makundi yao mengi yanafanana kila moja na kipepeo mchungu wa jamii nyingine. Walishapewa majina kama spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen, akiwa Afrika Kusini, alipoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1860 kwamba wote ni spishi moja. Sasa wewe uniletee picha ya mgongo tu, kwa simu, halafu unataka jina?

Mimi naanza na familia. Jicho la Cerambycidae kwa kawaida limebonyea na kulizunguka shina la kipapasio, taya zina nguvu, na pingili za wayo zinaonekana nne ingawa ni tano, kwa sababu ya nne ni ndogo na imefichwa. Lycidae ni laini, kichwa kimeingia chini ya pronoto (bamba la juu la kifua, nyuma ya kichwa), mabawa ya juu yana matuta na vijichumba mithili ya wavu. Usiamini matuta peke yake, maana baadhi ya waigaji wameyaiga nayo.

Kisha natafuta dume. Namlainisha kwa maji ya moto, natoa ncha ya tumbo, naiweka kwenye potasiamu hidroksidi mpaka nyama iishe, naiosha, naihamishia kwenye gliserini, ndipo nalitazama edeagusi, yaani kiungo cha uzazi cha dume, chini ya hadubini: kwa juu, kwa ubavu, kwa chini. Nalichora kwa mkono, kwa sababu mkono unalazimisha jicho kuuliza kila mkunjo umetoka wapi. Hapo ndipo spishi zinapoachana. Na sababu yake ni nzuri: ndege halioni edeagusi, kwa hiyo hana la kuamua kuhusu umbo lake. Rangi yeye ndiye aliyeichonga, kizazi kwa kizazi, bila kujali nani ndugu wa nani.

Hata hivyo, kiungo hicho nacho hutofautiana. Kilimanjaro na Meru zimetenganishwa na tambarare kavu ambayo mdudu wa msitu wa mawingu haivuki kirahisi. Nikikuta ncha ya edeagusi la Meru imerefuka kidogo kuliko la Kilimanjaro, je, ni spishi mbili au moja yenye sura mbili? DNA inasaidia, lakini hakuna asilimia ya tofauti iliyokubaliwa na wote kuwa ndiyo mpaka. Mwishowe mtu anaamua, na mwenzake anaweza kuamua vingine akiwa na vielelezo vilevile, yaani wadudu walewale waliohifadhiwa. Hata kuiga kwenyewe, mara nyingi tunaandika kwamba kupo kwa sababu tu wadudu wawili wamefanana juu ya pini. Ni wachache mno waliowahi kupewa ndege ili tuone kama kweli anawakataa.

Tena kuna waliotutangulia. Msweden Yngve Sjöstedt alikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na lebo zake nyingi zimeandikwa Kibonoto, yaani Kibong'oto hiihii. Matokeo yakachapishwa 1907 hadi 1910. Vielelezo vyake viko Stockholm. Vya wakusanyaji wengine viko Berlin, London, na Tervuren huko Ubelgiji. Maelezo mengi ya zama hizo ni mistari michache, na sehemu kubwa ni rangi! Kwa hiyo hayatoshi, lazima kielelezo chenyewe kionekane. Inaniuma kwamba mtu wa Moshi, ili amjue mdudu wa Moshi, sharti aombe ruhusa Ulaya. Lakini anayeruka hatua hii anamwongezea mdudu mmoja jina la pili, na watakaokuja watatumia miaka kulifuta.

Kanuni nyingine ni nyepesi. Kwa spishi mpya, tangu 2000 lazima utaje holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina (au sintaipu, vielelezo kadhaa vinavyolibeba pamoja), na inapohifadhiwa. Chapisho la kielektroniki, linalokubalika tangu 2012, lazima lisajiliwe ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama. Vibali vya utafiti ni vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ndani ya hifadhi za taifa, TANAPA. Usimkamate mdudu hifadhini bila kibali kwa kisingizio cha sayansi.

Picha nazihitaji, msiache kuzituma. Nipigie uso na macho kwa karibu, vipapasio vyote viwili mpaka ncha, nyayo, na tumbo kwa chini kama akikubali kugeuka. Niandikie mwinuko, tarehe, mti aliokaa, na kama kulikuwa na wengine wa rangi ileile karibu yake. Hao wengine wapige picha pia, kila mmoja peke yake.