Rekodi kufutwa haimaanishi uhamiaji wamesahau

Kuna hii imani ya miaka mingi kwa wahamiaji walioko Marekani, eti ukikubali kosa ukamaliza probesheni (kipindi cha uangalizi badala ya jela) na jaji wa jimbo akafuta rekodi, basi uhamiaji hawakugusi tena. Sio hivyo jamani. Sheria ya shirikisho tangu 1996 inasema ukishakiri kosa na ukapewa adhabu yoyote, hata probesheni tu, kwao kwa kawaida hiyo ni hatia, hata kama jimbo limeshaifuta na una karatasi yenye muhuri mkononi. Na grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sio kinga.

Kushtakiwa tu bila kukutwa na hatia ni kitu kingine, ila usifiche, fomu zinauliza kama umewahi kukamatwa na uongo hapo unaweza kukuharibia kuliko kosa lenyewe.

Kwa maombi ya familia, yaani mtu kumwombea ndugu yake ukaazi, kinachochunguzwa sana ni rekodi ya anayeombewa, ya mwombaji kwa kawaida haizuii, isipokuwa makosa fulani dhidi ya watoto, sheria ya 2006 inamzuia hata raia kuombea mpaka aonyeshe hana hatari kwa yule anayemwombea.

Wakili wa jinai naye, tangu kesi ya Padilla ya 2010 Mahakama ya Juu, anatakiwa akwambie kama kukiri kunaweza kukufukuzisha nchini, so muulize kabla hujasema nakubali.